Kilima cha Sevne na Kulungu Mia Tatu wa Lamdo

Lamdo ni mdogo wake marehemu mke wangu. Nitaeleza maisha yake mimi, maana hakuna anayeyajua kama mimi, wala hakuna anayemchukia kama mimi.

Alizaliwa njiani, mwezi wa Machi, misafara inarudi kaskazini. Mama yao alitoka damu, siku ya tatu akafa. Sevne, mke wangu, wakati huo alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Alimlaza mtoto kwenye susu ya mbao, akamtandikia ile nyasi laini ya bwawani inayonyonya maji kuliko kitambaa. Mtoto akilowa, nyasi inatupwa, inawekwa nyingine. Alimtafunia nyama akamlisha mdomoni kama ndege. Watu walisema hatapona. Akapona.

Nilipomwoa Sevne, alikuja na sleji zake sita, vile vyombo vya mbao vinavyokokotwa juu ya theluji na kulungu wetu wa nchi ya baridi, na Lamdo amekaa juu ya ile ya mwisho, miaka saba, ananitazama kama mbwa mgeni. Sisi hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo Lamdo ndiye alikuwa mtoto. Mimi ndiye niliyemfundisha kurusha kamba ya kunasia kulungu. Mimi ndiye niliyemtengea kutoka kundi langu kulungu wake watatu wa kwanza. Sitaki mtu aje kusema nilimchukia tangu mwanzo.

Mengine yote alifundishwa na dada yake. Sevne hakwenda shule, hata mimi sikwenda, lakini yeye aliisoma ardhi. Nakumbuka siku moja kiangazi, Lamdo ana miaka kumi hivi, Sevne alimvuta mkono akamwonyesha ua dogo limejikunja chini kama ngumi.

"Kwa nini limelala?"

"Limechoka."

"Limechoka na nini, mjinga wewe?"

"Na maswali yako, dada."

Sevne alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema, "Simama wima. Upepo ukoje?"

"Mkali."

"Haya lala kifudifudi. Upepo ukoje?"

Lamdo akalala. "Haupo."

"Basi. Ua lina akili kukushinda. Na hujaliona koti lake."

Akampa alishike. Majani yana manyoya, na yale yaliyokufa mwaka jana na mwaka juzi hayajaanguka, yamebaki yamelizunguka shina. "Hatupi nguo kuukuu huyu," alisema. "Anazivaa moja juu ya nyingine, kama mume wangu."

Ndivyo alivyomfundisha. Alimng'olea unywele mmoja wa kulungu, akaukata kwa meno, akamwonyesha kuwa ndani ni mtupu kama bua, na hewa iliyomo ndiyo blanketi. Alimwinulia kwato: kiangazi chini ni laini na pana, isizame tope, baridi ikija nyama inarudi ndani, ukingo unabaki mkali kama shoka, wa kuchimbia theluji. Alimwonyesha jicho la kulungu, lililokuwa na rangi ya dhahabu mwezi Julai, likiwa la buluu mwezi Desemba, ili lishike hata kile kimwanga kidogo kinachobaki. Kware mweupe anayejitupa ndani ya theluji kama jiwe, akalala humo na joto lake. Kila kiumbe huku kinaishi kwa kujua kipimo chake.

Na alimfundisha yageli. Hii ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo nitaisema polepole.

Yageli ni ule mmea mweupe unaofunika ardhi yetu. Hauna mzizi. Unakunywa hewa na ukungu. Kwa mwaka mzima unaota unene wa ukucha tu. Kulungu wetu wanaishi kwa huo majira yote ya baridi, wanaunusa chini ya theluji, wanachimba. Ukiwa na unyevu, ukiukanyaga unainuka tena. Ukiwa mkavu, jua limeuchoma, ukiukanyaga unakuwa unga. Na ukishakuwa unga, subiri miaka thelathini. Ndiyo maana kiangazi hakuna anayebaki kwenye malisho ya baridi. Tunakwenda kaskazini mpaka baharini, safari ya miezi, tunaiacha yageli ipumzike.

Sevne alimwambia Lamdo, mbele yangu, tukinywa chai: "Ukikanyaga yageli kavu, umekanyaga chakula cha mjukuu wako."

Lamdo akasema, "Nimesikia, dada."

Alisikia. Nataka hilo lijulikane.

Alikua akawa kijana mzuri. Mrefu, mcheshi, kamba yake haikosi pembe. Alioa ng'ambo ya mto, akapata kundi lake, likafika mia saba. Alikuwa na kasoro moja, hapendi kwenda mbali. Alipenda kijiji cha mtoni, alipenda pikipiki ya theluji, alipenda wanunuzi wa pembe changa za kulungu, za kutengenezea dawa, wanaomwita kaka.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa cha moto ambao sijawahi kuuona. Mimi na Sevne tulikwenda baharini kama kawaida. Lamdo alituambia atatufuata. Hakufuata. Alibaki karibu na kijiji ili auze pembe, akaliweka kundi lake kwenye malisho yangu ya baridi. Kusini, bila upepo wa bahari, mbu walikuwa moshi. Kulungu akisumbuliwa na mbu hufanya jambo moja: kundi zima huzunguka, huzunguka, wa nje wakitaka kuingia katikati. Mia saba walizunguka hapo majuma sita, juu ya yageli iliyokauka kama mkate wa juzi.

Sisi hatukujua. Tulirudi Novemba. Theluji ilikuwa imeshafunika kila kitu, nyeupe, nzuri. Sevne alishuka kwenye sleji, akachimba kwa koleo, akainua kitu mkononi. Akanionyesha. Kilikuwa kijivu, kama majivu ya jiko.

"Ni Lamdo," nilisema.

"Mvua ya mawe labda," akasema yeye.

"Sevne."

"Najua," akasema. "Najua. Tufunge mizigo."

Tulihama siku hiyohiyo, tukihangaika kutafuta mahali. Siku ya nne mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha ikaganda. Kulungu wakaanza kuanguka. Sevne alikuwa anakohoa toka Septemba. Aliongoza sleji zake mwenyewe siku kumi na moja, amelowa, nguo zimekuwa ubao. Siku ya kumi na mbili hakuamka kuwasha moto. Nikajua.

Kabla ya hapo, siku ya saba, alikuwa amenipeleka kwenye kilima kimoja. Alikijua toka kwa bibi yake. Kilima chembamba kama mgongo wa samaki, upepo unakifagia hata theluji haikai, kwa hiyo mvua ikija inateremka mwambani, hakuna cha kuganda. Upande wa mbele yageli yake ni fupi lakini ipo. Ndipo kulungu wangu sitini waliobaki walipopona. Walikuwa mia tatu na hamsini. Tuliwaacha hapo, tukaendelea na sleji kuwatafuta waliotawanyika.

Nilimlaza ndani ya sanduku la mbao juu ya ardhi, maana ardhi yetu haifunguki. Nikaipindua sleji yake kando, kama tufanyavyo kwa wafu wetu. Lamdo alikuja baada ya majuma matatu na mfuko wa sukari.

"Shemeji," alisema, "nilichelewa kupata habari."

Nilimpa chai. Sukari yake sikuifungua.

Dada yangu Hadne alihamia kwangu, naye ni mjane, kunipikia na kunishonea. Hadne mdomo wake haupumziki. "Myusena," ananiambia, "umekuwa kama bundi mweupe. Umekaa juu ya kichuguu, umetoa macho, unamngojea panya gani?"

Nilikuwa namngojea Lamdo.

Nilingoja miaka mitatu. Sikuwa na haraka. Nilijua barafu itarudi, na nilijua kwamba safari hii itampata yeye, kwa sababu yageli ya kwake alikuwa ameimaliza kwa uvivu uleule.

Ilirudi. Mwishoni mwa Novemba mvua ilinyesha siku mbili, kisha baridi ikashuka kama mlango. Tundra, nyika yetu isiyo na miti, ikawa kioo. Kulungu hawezi kunusa kitu chini ya kioo, na kwato zikikipiga zinatoka damu. Mimi nilikuwa nimeshahamia chini ya kilima cha Sevne. Sitini wangu, ambao sasa walikuwa mia, walikuwa juu wanakula.

Lamdo alikuja mchana, ule mchana wetu wa Desemba usio na jua, mwanga kidogo tu kama wa ndani ya samaki. Aliendesha sleji ya kulungu wanne weupe, madume makubwa aliowapenda kuliko mkewe. Walikuwa wanatetemeka. Aliingia hemani, akakung'uta theluji viatuni, akakaa upande wa wageni. Alikuwa amekonda.

Hadne akamimina chai. "Karibu, mwanangu. Uso wako umekuwa kama wa mbwa aliyeiba."

"Asante, mama."

"Mkeo?"

"Yupo. Anawalisha ndama unga tuliobakiwa nao." Akanigeukia. "Shemeji, wanakufa. Wanakulana manyoya. Jana nimepoteza kumi na mmoja."

Nikanywa chai yangu.

"Dada alikuwa na kilima," akasema. "Alikuwa akinitajia nikiwa mdogo. Kwenye upepo. Hakunionyesha."

"Hakukuonyesha," nilisema.

"Ni hiki, sivyo? Nimewaona kulungu wako juu. Wamenenepa."

"Ni hiki."

Akavua kofia. Lamdo havui kofia kwa mtu. "Nakuomba, shemeji."

Sasa, upande wetu huu wa mto kuna desturi. Mwaka wa barafu, anayejua mahali palipo wazi hawezi kumnyima mwenzake. Hata adui. Lakini yeye anayepajua ndiye anayesema mahali hapo pataweza kubeba kulungu wangapi, na aliyeomba habishi. Anapunguza kundi lake hukohuko chini, kisha anapanda. Ni kwa sababu malisho yakizidiwa, wote wanakufa, mwenyeji na mgeni. Sijawahi kusikia mtu akidanganya kwenye jambo hilo. Hata jina hatuna la mtu wa namna hiyo.

Nilitoka nje nikasimama. Hadne akanifuata.

"Utamwambia?" akauliza.

"Nitamwambia."

"Mungu akubariki. Nilidhani utamwacha afe njaa, kwa hilo jiwe ulilonalo kifuani."

Nilikitazama kilima. Kwa mwanga ule ulionekana upande mmoja tu, wa kusini. Ule wa nyuma, wa kaskazini, hauonekani mpaka jua lirudi. Sevne alikuwa amenipeleka nyuma kule. Yageli yake ilifika kifundo cha mguu. Alichovya kiganja chake humo akahesabu kwa vidole namna yake, akaniambia, "Hapa, Myusena, pande zote mbili, mia nane watapita majira mazima wakiwa wazima."

Mia wangu, na mia saba wa Lamdo. Wangepita wote.

Nilirudi ndani.

"Mia nne," nilisema.

Lamdo akanitazama. "Mia nne pamoja na wako?"

"Mia nne wako. Nyuma ni mwamba mtupu."

"Shemeji, nina mia saba."

"Najua unao wangapi."

"Mia tatu niwafanye nini?"

Hadne alikuwa ameshika birika, hakumimina. Lamdo akautazama moto. Nilidhani atabisha, na angebisha ningesema basi, nenda. Hakubisha. Alikuwa mtoto wa Sevne kwa hilo.

"Nani watoke?" akauliza.

"Majike yenye mimba yabaki. Madume makubwa yatoke kwanza. Yanakula zaidi."

Akaelewa ninasema nini. Alitazama mlango, nje ambako wale wanne weupe walikuwa wamefungwa.

"Hata hawa?"

"Hawa ni madume makubwa au siyo?"

Tulichukua siku tisa. Sisi tunaua kwa kamba. Unamtia kitanzi shingoni, mtu mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, hakuna damu inayomwagika. Kwa hiyo wanahitajika wawili. Mkewe alitaka kushika upande wa pili. Nikamwambia mama kaa na ndama, nitashika mimi. Nina miaka sabini na moja. Nilishika upande wa pili siku zote tisa. Nilitaka kumwona usoni.

Siku ya kwanza alikuwa anaongea. "Huyu alizaliwa kwenye tufani." "Huyu mama yake alikuwa kiwete." Siku ya tatu akaacha kuongea. Siku ya tano, ilipofika zamu ya wale weupe, alinyoosha kamba akasema tu, "Vuta, shemeji." Nikavuta. Machozi yalimganda kwenye mashavu. Mimi kwangu yalikuwa yameganda miaka mitatu.

Watu wa kijijini walikuja wakachukua nyama kidogo, wakalalamika ni mifupa. Nyingine walikula mbweha. Ngozi hazikufaa, manyoya yalikuwa yameshatafunwa.

Kisha mia nne wakapanda kilimani, na wakapona. Januari, Februari, Machi. Lamdo alikuja karibu kila wiki na samaki, na mafuta, akaniita baba mara moja bila kukusudia. Hadne alifurahi. "Mmepatana," alikuwa akisema. "Sevne huko aliko amelala vizuri." Niliendelea kusuka kamba zangu.

Aprili jua likawa juu, kali, theluji inaumiza macho. Asubuhi moja jike mmoja kiongozi aliruka ukingo wa kilima, kundi likamfuata upande wa pili. Lamdo akapanda kuwarudisha. Mimi nilikuwa chini natengeneza sleji. Nilimwona anafika juu. Nilimwona anasimama.

Kisha akashuka upande ule, akapotea. Nikaweka shoka chini, nikapanda na mimi. Miguu yangu si mizuri, nilichelewa. Nilimkuta amepiga magoti katikati ya yageli, nyeupe, nene, haijaguswa toka kule mpaka kule, na kulungu wake wanakula bila hata kuinua vichwa. Alikuwa ameutia mkono wake humo. Vidole vimepanuliwa, kama Sevne.

"Hii ni ya mia tatu wengine," alisema.

"Ndiyo."

"Wangepita wote."

"Wote."

"Ulijua."

"Nilijua."

Akanyanyuka. Ni mrefu kuliko mimi, ana nguvu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. "Dada angekutemea mate," akasema.

"Angenitemea. Muulize."

Akakung'uta theluji magotini.

"Nenda kamuulize, Lamdo. Unajua alipo? Hujawahi kufika. Sanduku liko siku nne kutoka hapa, sleji imepinduliwa. Hakuna mdogo mtu aliyekuja kumwekea hata kikombe."

"Sikujua itakuwa vile," alisema. "Wale mbu, lile joto. Nilidhani wiki mbili tu."

"Ulijua yageli kavu ni nini. Ulifundishwa mbele yangu."

"Nilikuwa na miaka kumi na minne!"

"Na ulipowaacha wazunguke pale ulikuwa na arobaini."

Kulungu mmoja aliingiza kichwa chake katikati yetu akachuma, akatafuna. Tukamngoja apite.

"Nitawaambia watu," Lamdo akasema. "Mto mzima. Kwamba ulidanganya idadi mwaka wa barafu. Hakuna hema litakalokufungulia."

"Waambie."

"Huogopi?"

"Hema langu tayari limefungwa."

Akafuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akauliza, kwa sauti ya yule mtoto wa kwenye sleji ya mwisho, "Sasa umeridhika, shemeji?"

Nilifikiria, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Kulungu mia tatu huzaliwa tena kwa miaka minne, akiwatunza. Yageli aliyoikanyaga itaota atakapokuwa na umri wangu. Sevne haoti.

"Bado," nilisema.

Aliliswaga kundi lake siku ileile, akavunja hema, akaelekea kaskazini, mapema kuliko mtu yeyote, safari yote mpaka baharini. Msafara wake ulipita hatua mia mbili kutoka kwangu. Mkewe aligeuza uso. Hadne alikimbia akamshika Lamdo sleji, wakaongea, sikusikia. Aliporudi alikusanya vitu vyake, sindano, sufuria yake, ngozi yake ya kulalia.

"Mia tatu, Myusena," alisema. "Wenye uhai. Hawakumfanya Sevne chochote."

"Hawakumfanya."

"Na huna la kusema?"

Hadne alipanda kwenye sleji ya mwisho ya Lamdo akaondoka nao.

Nilipanda tena kilimani, nikawapeleka mia wangu upande wa nyuma. Sasa ulikuwa wao peke yao. Walikula mpaka Mei.